Lethi moja, mtu mmoja: shajara ya karakana ya Uyole

Lengo

Karakana ya kukereza vyuma hapa Uyole, Mbeya, yenye lethi moja (mashine ya kukereza), drili ya kusimama, grainda ya mezani, mashine ya kuchomelea na mtu mmoja wa kuziendesha zote bila msaidizi. Inatakiwa iwe imetulia kabla ya Mei, mpunga wa Usangu unapovunwa na mashine za kukoboa za Igurusi, Chimala na Ubaruku zinapofanya kazi usiku na mchana. Shafti ikikatika wakati huo, mwenye mashine hana wiki ya kusubiri. Uyole imechaguliwa kwa ajili ya njia panda yake: barabara kuu ya Dar es Salaam inapita hapa na ile ya Tukuyu na Kyela inaanzia hapa, kwa hiyo mtu wa Chimala na mtu wa Kiwira wote wanashuka na mzigo wao bila kuingia mjini.

Lethi ni ya mtumba: mita 1 kati ya senta na senta (ncha mbili zinazoshika kazi), kazi ya kipenyo cha hadi milimita 360 juu ya kitanda, mota ya kilowati 4 ya fezi tatu, uzito unaokaribia tani moja na nusu. Vipimo visivyotajiwa kizio humu ni vya milimita. Wiki ambazo hakuna kilichobadilika zimerukwa.

Wiki ya 1 na ya 2: sakafu

Zege lililokuwepo lilikuwa la sentimita 6, limemwagwa juu ya kifusi. Hilo linabeba pikipiki. Lethi ikikaa juu yake, kitanda kitajipinda kila udongo unapolowa kwa masika, na kazi itatoka na mchongoko bila fundi kujua umetoka wapi. Limekatwa eneo la mita 2.4 kwa 1.2, likachimbwa hadi udongo mgumu, likamwagwa zege jipya la sentimita 20 kwa mchanganyiko wa 1:2:4, na wavu wa nondo za mm 10 kila sentimita 20. Hiyo ni karibu mita za ujazo 0.58, mifuko 4 ya saruji ya kilo 50. Mashimo ya bolti za M16 yameachwa wazi kwa vipande vya mbao vilivyopakwa grisi.

Magunia yaliyoloweshwa yamefunika zege siku 7, kisha likaachwa siku nyingine 10 kabla ya kubeba mzigo. Usiku wa Mbeya una baridi hata wakati wa mvua, na zege lenye baridi hukomaa polepole. Asiharakishe mtu hapa.

Wiki ya 4: kusawazisha kitanda

Mashine imeingizwa ndani kwa mabomba ya inchi moja na nusu yaliyotandikwa chini yake, vibarua wanne na mitaimbo miwili. Upande wa kichwa cha mbele, chenye spindo (mhimili unaozungusha kazi), ndio mzito, na huko ndiko inakoangukia ikiinama. Kamba hupitishwa chini ya kitanda. Isifungwe kwenye skrubu kuu (inayosukuma kisu wakati wa kukata uzi) wala kwenye spindo, maana skrubu iliyopinda haionekani kwa jicho ila itaharibu kila uzi wa skrubu utakaokatwa.

Kipimamaji cha seremala kimetumika kwa hatua ya kwanza tu. Kipimamaji cha mafundi mitambo husoma mm 0.02 kwa mita. Cha seremala hakikaribii hapo. Asiye nacho ana njia nyingine, na mimi naiamini kuliko kipimamaji chochote kwa sababu inapima kile hasa kinachotakiwa, yaani kazi inayotoka.

Chuma cha kipenyo cha mm 50 kimebanwa kwenye chaki (kishikio chenye meno kilicho mbele ya spindo) kikatokeza mm 200, bila kushikwa na senta ya nyuma. Katikati kimepunguzwa ili zibaki pete mbili za upana wa mm 20, moja karibu na chaki, nyingine mwishoni. Kisha kisu kikali cha HSS (chuma cha visu kinachostahimili joto) kimepita juu ya pete zote mbili kwa kina cha mm 0.1, mpini wa slaidi ya msalaba (inayosogeza kisu ndani na nje) ukiwa haujaguswa kabisa. Kikapita tena mara ya pili bila kuongezwa kina, ili kuondoa kile ambacho chuma kilikwepa kwa kunesa. Maikromita ikasoma 49.62 kwenye pete ya karibu na 49.68 kwenye pete ya mbali.

Pete ya mbali ikiwa nene, kisu kinasogea mbali na kazi kadiri kinavyokwenda upande wa nyuma. Dawa yake ni kunyanyua kidogo mguu wa upande wa fundi, ule ulio mwisho wa kitanda. Kitanda kinalala nyuma kwa kiasi kisichoonekana, na kisu kinaikaribia kazi. Robo mzunguko wa skrubu ya mguu, kata tena, pima tena. Mara ya nne tofauti imeshuka hadi 0.01. Bolti zimekazwa kwa mkono tu. Zikikazwa kwa bomba la kuongezea nguvu, zitavuta kitanda kirudi kule kilikotoka.

Baada ya siku tatu jaribio limerudiwa: 0.02. Zege limetulia chini ya uzito. Imerekebishwa, na jaribio limeandikwa kwenye ratiba: kila baada ya miezi mitatu, na mara moja zaidi mvua zinapoisha na ardhi kukauka.

Wiki ya 5: umeme

Fezi tatu, volti 400. Mota ya kilowati 4 inavuta takriban ampea 8 ikiwa na mzigo kamili. Kilichofungwa kati ya swichi kuu na mota ni hiki: kontakta (swichi ya sumaku) yenye vitufe vya kuwasha na kuzima, rilei (swichi inayojikata yenyewe) ya kuzuia mzigo kupita kiasi iliyowekwa kwenye ampea zilizoandikwa kwenye bamba la mota, na rilei inayolinda fezi. Waya wa ardhi unashuka kwenye fimbo ya shaba ya mita 1.5.

Wengi huiruka rilei ya fezi kwa sababu ya bei. Fezi moja ikikatika mota ikiwa inazunguka, haisimami. Inaendelea kwa fezi mbili, inavuma kwa sauti nzito, na waya zake zinaungua kwa dakika chache. Mwenye msaidizi anaweza kumtuma akazime. Aliye peke yake, akiwa nje na mteja, atakuta harufu tu.

Rilei hiyohiyo inakataa kuwasha fezi zikibadilishana nafasi. Laini ya mtaani ikitengenezwa baada ya dhoruba, fezi mbili zikiunganishwa kinyume, kila mota ya fezi tatu inazunguka kinyume. Chaki ya lethi hii imefungwa kwa uzi wa skrubu. Spindo ikianza ghafla kwa kinyume, chaki nzito inabaki nyuma kwa uzito wake, inafunguka na inaweza kudondoka juu ya kitanda au mguuni. Hata ukiwa na rilei, kila umeme unaporudi baada ya matengenezo, washa kwanza kwa mwendo mdogo bila kazi na uangalie mwelekeo.

Kontakta ina faida nyingine. Umeme ukikatika inaachia, na ukirudi haiwashi mpaka kitufe kibonyezwe. Swichi ya kugeuza haifanyi hivyo. Inabaki imewashwa, na umeme hurudi wakati vidole viko kwenye meno ya chaki.

Umeme ukikatika kisu kikiwa ndani ya chuma, kitu cha kwanza ni kurudisha kisu nyuma, kabla ya kutafuta tochi. Kabaidi (ncha ya kisu iliyo ngumu sana lakini inayovunjika upesi) iliyobanwa kwenye kazi iliyosimama huvunjika ncha kazi inapoanza tena. Kwenye kukata uzi mambo ni magumu zaidi. Skrubu kuu ya lethi hii ni ya inchi, kwa hiyo uzi wa milimita ukikatwa, nati nusu (inayounganisha gari la kisu na skrubu kuu) haifunguliwi mpaka uzi umalizike. Kisu hurudishwa kwa kuzungusha mashine kinyume, polepole. Ikifunguliwa katikati, njia haipatikani tena.

Wiki ya 6: mpangilio

Kila kitu kinachoguswa zaidi ya mara tano kwa siku kimewekwa ndani ya hatua mbili kutoka mbele ya lethi: maikromita, venia, saa ya kupimia, visu, drili kuanzia mm 3 hadi 13, tepu za kukatia uzi, tupa mbili, brashi, ndoano ya kuondolea nyuzi za chuma. Kila kifaa kimechorewa kivuli chake ukutani kwa rangi nyeupe. Pengo jeupe linaonekana jioni kabla ya kufunga, na kifaa kinatafutwa siku hiyohiyo.

Ufunguo wa chaki una springi inayousukuma nje. Ukiachiwa hauwezi kubaki ndani ya chaki. Ni kipande cha springi ya kalamu kubwa na pini, kazi ya nusu saa, na kwa mtu anayefanya kazi peke yake naona ni lazima kuliko kabati la vifaa.

Chaki ya meno manne ina uzito wa karibu kilo 30. Imetengenezewa kitanda cha mbao chenye tumbo la mviringo, kinachokaa juu ya njia za lethi. Chaki inasukumwa juu yake hadi kwenye spindo bila kubebwa. Ubao umewekwa pia chini ya miguu ya fundi, maana Juni na Julai saruji ya hapa inatoa baridi inayopanda hadi magotini, na mtu aliyeganda miguu hasimami vizuri mbele ya mashine.

Hakuna glavu mbele ya kitu kinachozunguka. Mikono ya koti imekatwa juu ya kiwiko. Kitufe chekundu cha kuzimia kimeshushwa hadi kimo cha goti, kwa sababu ikitokea mkono umenaswa, goti ndilo linalobaki huru. Jirani wa duka la mbele ameonyeshwa swichi kuu ilipo.

Wiki ya 7

Leseni, namba ya mlipa kodi, na kusajili mahali pa kazi OSHA kwa mujibu wa Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Namba 5 ya 2003. Kizimamoto na ndoo ya mchanga. Maranda ya mbao hayatumiki kufyonza oili sakafuni: chenga za moto zinayawasha.

Wiki ya 8: shafti ya kinu

Kazi ya kwanza kamili ni shafti ya kinu cha kusaga mahindi, urefu wa mm 620, katikati mm 48, ncha mbili za mm 40 kwa ajili ya beringi za UCP 208 (zenye tundu la mm 40), na njia ya ufunguo (mfereji wa kipande cha chuma kinachozuia puli isiteleze) upande wa puli.

Mteja ameleta vipande viwili vya shafti iliyokatika. Hivyo havitoshi. "Mama, hii iliyolika haitupi kipimo. Tuletee beringi na puli yenyewe." Mahali pa beringi kwenye shafti ile palisoma 39.7, na anayenakili 39.7 anatengeneza shafti mpya iliyochakaa tayari. Kipimo kinatoka kwenye kile kinachoingiliana na shafti.

Chuma: duara la mm 50 kutoka duka la vyuma. Nondo ya kujengea haifai hata ikiwa nene. Ina sehemu ngumu na laini bila mpango, na mbavu zake zinagongagonga kisu. Chuma kisichojulikana kinapimwa kwa cheche za grainda. Chuma laini kinatoa nyuzi ndefu za manjano zenye matawi machache; chenye kaboni nyingi kinatoa cheche fupi zinazopasuka kama maua; chuma cha kusubu kinatoa cheche fupi nyekundu zinazofifia karibu na jiwe. Hafu shafti za malori kutoka kwa wauza skrepa ni chuma kizuri, ila juu zimeshupazwa. Zinapashwa hadi wekundu wa cheri, karibu nyuzi 800 hadi 850, zinafukiwa ndani ya majivu makavu na kulala humo hadi kesho. Bila hivyo kisu cha HSS kinateleza juu yake na kuungua.

Hatua. Chuma kimekatwa mm 625, ncha zikasawazishwa na kutobolewa senta. Kazi yote ya kipenyo inafanyika kati ya senta mbili, si kwenye chaki, kwa sababu shafti lazima igeuzwe, na ikirudi kati ya senta zilezile inarudi kwenye mhimili uleule. Chaki ya meno matatu ya mtumba inaweza kukosea mm 0.1 kila ikibana upya.

Mzunguko unapatikana kwa 318 mara kasi ya kukata kwa mita, gawanya kwa kipenyo. HSS kwenye chuma laini ni mita 25 kwa dakika: 318 × 25 ÷ 50, takriban mizunguko 160. Kwa mwendo wa kisu wa mm 0.25 kwa kila mzunguko, ncha ya mm 150 inamalizika kwa dakika 4. Kutoka 50 hadi 41 ni kukata mara tatu kwa kina cha mm 1.5. Kabaidi kwa mita 100 inafanya kazi hiyo kwa robo ya muda, na lethi hii inaiweza. Lakini hiyo ni dakika 8 au 9 tu zilizookolewa kwa kila ncha, ndani ya kazi iliyochukua saa tatu na nusu tangu chuma kupakuliwa hadi shafti kufungwa kwenye gunia. Muda mwingi umekwenda kwenye kubana, kugeuza, kupima na kutafuta. Ndiyo maana fedha ya wiki ya 6 ilikwenda kwenye ubao wa vifaa kabla ya kisu cha kisasa.

Kosa la kwanza limetokea kwenye kumalizia. Mahali pa beringi panatakiwa daraja la usahihi la h6, yaani kati ya 40.000 na 39.984. Maikromita ilisoma 39.990 mara tu baada ya kukata, shafti ikaonekana sawa, ikafunguliwa. Asubuhi ilisoma 39.972, na beringi ikaingia kwa kidole kimoja.

Sababu ni joto. Chuma hutanuka karibu 0.0000115 ya kipimo chake kwa kila nyuzi moja. Kipenyo cha mm 40 kilichopata moto kwa nyuzi 40 zaidi kimetanuka mm 0.018, na upana wote wa h6 hapa ni mm 0.016. Baridi ya asubuhi peke yake haina neno, kwa sababu maikromita nayo ni chuma na husinyaa pamoja na kazi. Madhara yanakuja pale kazi ni ya moto na maikromita ni ya baridi. Sasa kazi inakwanguliwa hadi libaki mm 0.3, inaachwa ipoe hadi mgongo wa mkono usihisi tofauti kati yake na kitanda cha lethi, kisha inamaliziwa kwa maji ya kupozea: sehemu 1 ya oili inayochanganyika na maji kwa 20 za maji.

Shafti iliyopungua haikupelekwa. Mitaani kuna kawaida ya kugonga nukta nyingi kwa senta panchi ili chuma kivimbe na beringi ikaze. Nukta zinashika kwa ncha zake tu. Ncha zinalika ndani ya wiki chache, beringi inaanza kuzunguka juu ya shafti, na unga mwekundu kama kutu unatoka pembeni. Hakuna kazi ya namna hiyo itakayotoka hapa. Kipande kimewekwa kando. Kitatoa pini na spesa.

Njia ya ufunguo kwa shafti ya mm 40 ni upana 12, kina 5.0, na ufunguo wa 12 × 8. Upande wa puli kina ni 3.3. Hapa hakuna mashine ya milingi (inayokata kwa kisu kinachozunguka), kwa hiyo kisu cha milingi cha mm 12 kimeshikwa na koleti (bano la duara linalokaza pande zote) kwenye spindo, kishika kisu kimeondolewa, na shafti imebanwa kwa kukingama juu ya slaidi ya msalaba, katikati yake ikiwa kwenye kimo cha spindo. Gari la kisu linatoa kina, mm 0.5 kila mara, linafungwa, kisha slaidi inatembeza shafti mbele ya kisu. Mizunguko 660. Kushika kisu hicho kwa chaki ya meno matatu ni kosa: kinajivuta nje taratibu na njia inakuwa na kina zaidi mwishoni.

Ndani ya puli njia imekwanguliwa kwa kisu kilicholazwa, spindo ikiwa imefungwa isizunguke, gari likisukumwa kwa mkono mbele na nyuma, mm 0.05 hadi 0.1 kila msukumo. Ni kazi ya kuchosha mabega, lakini inatoka sawasawa.

Wiki ya 10: kukatizwa

Kazi tatu zimeharibika hadi sasa ukiacha ile ya joto. Daftari limepitiwa ukurasa kwa ukurasa na zote tatu zina alama moja: fundi aliondoka mbele ya mashine katikati ya kipimo na kurudi. "Fundi, dakika moja tu" kutoka mlangoni, simu, mtu wa vyuma ameleta mzigo. Mkono unarudi kwenye mpini ukiamini bado mm 0.4 wakati zilibaki 0.2. Na kwenye lethi hii alama moja ya slaidi ya msalaba ni mm 0.05 za kisu, maana yake mm 0.1 za kipenyo. Aliyekatizwa husahau hilo kwanza kuliko yote.

Hili ndilo tatizo kubwa la karakana ya mtu mmoja, na naliweka juu ya mtaji na juu ya ubovu wa mashine. Kwenye karakana ya watu watatu kuna wa kufungua mlango. Hapa mlango na mashine vina mikono miwili ileile.

Yaliyobadilishwa:

Kibao cheusi kimefungwa juu ya kichwa cha mbele. Kabla ya kutoka mbele ya mashine kwa sababu yoyote, kisu kinarudishwa nyuma, mashine inazimwa, na namba mbili zinaandikwa kwa chaki ya kuandikia: kipenyo kilichopimwa sasa na kipenyo kinachotakiwa. Akirudi, hata kama ni baada ya nusu dakika, fundi anapima upya kwanza. Namba ya kibaoni ni ya kulinganisha. Zikitofautiana na maikromita, mashine haiwashwi mpaka sababu ijulikane.

Karibu na mpini wa slaidi kumeandikwa kwa rangi nyekundu: ALAMA 1 = 0.1 KIPENYO. Kisu huletwa kwenye kipimo kutoka upande mmoja siku zote. Kikipitiliza, kinarudishwa mzunguko mzima na kuletwa tena, kwa sababu skrubu ya slaidi ina ulegevu wa karibu robo mzunguko.

Wateja wanapokelewa saa 2 hadi saa 3 asubuhi na saa 9 hadi saa 10 alasiri. Kati ya hapo mnyororo uko mlangoni, na kuna kengele kwa mwenye dharura ya kweli. Nje kuna sanduku lenye vibati vya namba: mteja anafunga kibati kwenye kifaa chake, anaandika namba ya simu kwenye karatasi, anaondoka. Watu wameelewa haraka kuliko ilivyotarajiwa. Mzee mmoja wa Igurusi ndiye aliyeshauri benchi liwekwe chini ya mwembe wa jirani, wanaosubiri wasigonge mlango.

Kumalizia mahali pa beringi kunafanywa kati ya saa 4 na saa 6 mchana, mlango umefungwa, simu imezimwa.

Wiki ya 12: bushi

Bushi za springi za lori, shaba ngumu, kipenyo cha nje 50, pini ya mm 30. Nje imeachwa nene kwa mm 0.03 hadi 0.04 kuliko tundu. Ikisukumwa ndani, tundu la bushi linasinyaa, kwa hiyo pini iliyoingia vizuri mezani haiingii baada ya presi. Tundu limekatwa 29.8, bushi ikasukumwa mahali pake, kisha likamaliziwa kwa rima (kifaa cha kupanua tundu kwa usahihi) hadi pini iwe na nafasi ya 0.03 hadi 0.05. Kanuni inayotosha: elfu moja ya kipenyo, na kidogo juu yake kwa barabara ya vumbi. Mfereji wa grisi usifike ukingoni mwa bushi, la sivyo grisi yote inatoka siku ya kwanza.

Nyuzi za ndani: M8 inatobolewa 6.8, M10 inatobolewa 8.5, M12 inatobolewa 10.2. Tepu inasogea nusu mzunguko, inarudi robo. Kwenye alumini, mafuta ya taa.

Wiki ya 13: bei

Mali bila daftari hupotea bila habari, na kwenye kukereza kinachopotea ni saa. Bei sasa inajengwa hivi: chuma chote kilichokatwa pamoja na kipande kisichotumika tena, saa kuanzia kifaa kinapowekwa mezani hadi kinapokabidhiwa, na visu na oili. Tuseme saa ni shilingi 15,000. Shafti ya kinu ya saa tatu na nusu ni 52,500 bila chuma. Ukihesabu ile nusu saa tu ambayo kisu kilikuwa kinakata ncha na katikati, utatoza 7,500, na msimu utaisha una kazi nyingi na mfuko mtupu.

Kazi ndogo kuliko zote inatozwa nusu saa. Kusawazisha bolti moja ni dakika 6 za kukata na dakika 25 za kubana, kupima na kurudisha lethi kwenye kazi iliyokuwepo. Malipo ya awali yanafunika chuma chote. Kazi isiyochukuliwa ikiwa na malipo ya awali inakuwa akiba ya rafu. Bila hayo ni hasara.

Wiki ya 16: kabla ya mpunga

Vipande vya mm 50 na mm 45 vimekatwa mapema, ncha zimetobolewa senta, vimepangwa kwa urefu. Beringi za UCP 207, 208 na 209 ziko mbili mbili, kwa sababu duka la Mwanjelwa, mjini Mbeya, likiwa limefungwa Jumapili, mashine ya Ubaruku haipumziki. Funguo za 10 × 8, 12 × 8 na 14 × 9 zimekatwa za kutosha. Kwa shafti ya mm 40 kazi ya kusubiri imeshuka hadi kukata ncha, kupoza, kumalizia na njia ya ufunguo.

Jaribio la pete mbili limerudiwa mvua zilipopungua: 0.015. Mguu wa upande wa fundi umenyanyuliwa kidogo, sasa 0.01.

Kilichobaki: jicho la kushikia shafti ndefu katikati, kwa ajili ya shafti za mita 1 zinazonesa na kutoka nene tumboni. Magamba yake yatachomwa kutoka bamba la mm 16, vidole vitatu vya shaba. Mchoro uko ukurasa wa 41 wa daftari, na bamba limeshakatwa.